Niliyoyasikia Ibra

Latha alikuja kunitembelea hapa Nizwa mwezi uliopita, baada ya miaka ishirini na sita ya kutoonana wala kuandikiana. Binti yake amepata kazi ya uuguzi katika mji huu, na yeye amekuja kumtengenezea nyumba, kama wafanyavyo akina mama wa kwao, na masanduku ya viungo na masufuria. Kunipata hakukumpa tabu. Wauguzi wa Kimalayali, Wahindi wa pwani ya Malabar, wanajuana mji mzima, na muuguzi wa zamani kutoka Zanzibar aliyeolewa na Mwarabu wa hapa si mtu wa kupotea. Nilimkaribisha, nikamtilia kahawa, nikamwekea tende na halua, na kwa muda wa nusu saa tukazungumza habari za magoti na kisukari kama wanawake wawili wa makamo ambao hawana lolote baina yao. Nywele zake zimekuwa nyeupe kwa mbele. Mimi zangu nazitia hina. Kisha akakitikisa kile kikombe kidogo ili nisimtilie tena, akakiweka chini, akasema, "Rukia, Safiya amefariki. Mwaka jana, ndani ya Ramadhani." Na mimi, ambaye kwa miaka yote hiyo nilijizuia kulitaja jina hilo hata nikiwa peke yangu, nikasema inna lillahi, nikaangalia zulia. Aliyonieleza baada ya hapo nitayaandika mahali pake. Kwanza niuandike mwaka wenyewe, kwa kuwa sijapata kumhadithia mtu, hata mume wangu, na mume wangu kuliko watu wote.

Nilikuwa na miaka ishirini na tano, muuguzi mwenye cheti kutoka Unguja, na nilikuwa nimeajiriwa katika zahanati ya mtu binafsi mjini Ibra. Chini palikuwa na vyumba vya madaktari, duka la dawa na chumba cha vidonda. Juu, kwa ngazi ya nje, tulikaa sisi wauguzi watatu katika chumba kimoja kirefu, vitanda vitatu vya chuma, kabati moja, kiyoyozi kilichonguruma kama lori linalopanda mlima, na dirisha la kuelekea wadi, lile bonde la mto mkavu, na mitende. Safiya ndiye aliyekuwa mkubwa wetu. Alikuwa na miaka thelathini na moja, Mwislamu wa Malabar, mwembamba, mwenye mikono ya kasi, na ndiye msimamizi wa chumba cha vidonda. Latha alikuwa wa umri wangu, wa dini ya Kihindu, mcheshi, mwenye kuimba anapofua. Walitoka mji mmoja, nyumba mbili zilizotenganishwa na kisima, na ni Latha aliyetangulia Oman akamwitia Safiya kazi. Alimwita "itha", neno ambalo Waislamu wa kwao humwita dada mkubwa, kwa sababu ndilo alilolisikia tangu anajifunza kusema. Siku za Jumatatu Latha hakula samaki wala nyama, na hakuna aliyemwambia Safiya atenge sufuria moja kwa ajili yake. Aliitenga tu. Sisi wengine tulikula chapati zake za unga wa mchele, nyembamba na nyeupe, kwa mchuzi wa samaki wa nazi na ukwaju, na mara ya kwanza nilipouonja ule mchuzi nilisahau kabisa kuwa niko ugenini. Baina yetu tulizungumza Kiingereza cha hospitali na Kiarabu cha kuokoteza. Wao wawili walisema Kimalayalam, na mimi nikilala kitandani nilizoea kukisikiliza bila kukielewa, nikinasa neno moja moja la Kiarabu lililojificha ndani yake, kama yalivyojificha katika lugha yetu.

Wiki ya kwanza tu nilijua kuwa Safiya ana mdogo wake jela. Hakulificha jambo hilo. Alilisimulia akikata vitunguu, kwa sauti ya mtu anayesoma karatasi ya mgonjwa. Miaka sita nyuma, katika mji wao, msafara wa sikukuu ya hekalu ulipita mbele ya msikiti, jiwe likarushwa, na mpaka leo hajulikani aliyelirusha. Kabla ya jua kuzama maduka ya Waislamu ya upande wa pwani yalikuwa yameteketea, na mtu mmoja, Mhindu, ameuawa sokoni. Polisi waliingia mitaa ya Waislamu tu, wakakusanya vijana. Naseer, mdogo wake Safiya, fundi wa feni na mashine za maji, alichukuliwa asubuhi ya pili na kusingiziwa mauaji yale. Alisema tangu adhuhuri mpaka magharibi alikuwa nyumbani kwa Mwalimu, baba yake Latha, akitengeneza mashine ya maji. Mwalimu akaulizwa, akasema kijana alikuja asubuhi na aliondoka kabla ya adhuhuri. Naseer akafungwa maisha. Mchumba wa Safiya alirudisha pete kwa mkono wa shangazi yake. Mshahara wake wote ulikuwa unakwenda kwa wakili wa rufaa. "Mwalimu ni mtu mzima," alikuwa akisema Safiya, "alishikwa na hofu, akachanganya saa. Si mtu mbaya. Ndiye aliyenifundisha kusoma." Na kila alipofika hapo Latha alikuwa na jambo la kufanya, kuosha vyombo au kuanua nguo. Mimi niliona ni adabu. Nilidhani anaona haya kwa ajili ya baba yake mzee aliyesahau.

Sinema ilifika Ibra mwanzoni mwa majira ya baridi, katika diski zisizo na picha wala maandishi, zikipita mkono kwa mkono baina ya wauza duka, mafundi cherehani na madereva wa kwao. Jina lake la Kimalayalam sikupata kulitamka sawasawa. Ilisemwa kuwa ni hadithi ya mji wa pwani na fitina ya dini, na kuwa aliyeitengeneza, ingawa si Mwislamu, ameonyesha yaliyowapata Waislamu bila kupunguza. Nakumbuka niko dukani nanunua maziwa, na mwenye duka, Mmalayali mnene wa miwani, akimwambia mteja wake kwa Kiarabu ili na mimi nisikie, "Hii sinema ni ya kutugombanisha tu, sisi tuliokuja kutafuta riziki." Yule mteja, dereva wa gari la maji, akamjibu taratibu, "Walipokuwa wakituchomea maduka hukusema tunagombanishwa." Mwenye duka akanirudishia chenji bila kuniangalia. Safiya alileta diski siku ya Alhamisi. Ijumaa zahanati hufungwa mpaka alasiri, na siku hiyo, baada ya swala, alipika biriani ya kuku, akatandika mkeka mbele ya ile televisheni yetu ndogo. Latha akasema kichwa kinamuuma, atakwenda kulala. "Kalale," Safiya akamwambia akicheka, "kitanda chenyewe kiko hapo hapo, utaisikia tu." Basi Latha akaja akakaa na sisi.

Safiya alinifasiria. Alikuwa mfasiri mzuri, hakuongeza neno. Mji wa kwenye sinema ulikuwa na msikiti na hekalu vinavyotazamana, watu wakikopeshana mayai na kiberiti. Halafu msafara, na jiwe, na moto. Lakini moto ulichukua dakika chache tu. Sehemu kubwa ya sinema ilikuwa ni yale ya baadaye, na ndiyo niliyoyakumbuka. Mkahawa ambao sasa una vikombe vya kando kwa wateja fulani. Msichana wa shule anayeambiwa na mwalimu aliyempenda avue mtandio. Mwenye nyumba anayemwonyesha mtu chumba, akisikia jina lake anasema samahani, kimeshachukuliwa. Mama anayesimama nje ya lango la jela na chakula ndani ya kopo, na askari akikichoma chakula kwa fimbo kuangalia kilichofichwa ndani. "Fimbo yenyewe ni ya chuma," Safiya alisema hapo. "Hapo wamekosea." Nilikuwa nalia wazi wazi, sikuona haya. Nilimwambia Safiya kuwa sisi Waislamu ni mwili mmoja, na maneno mengine kama hayo ambayo mtu huyasema akiwa ameshiba biriani. Akanipigapiga mgongoni kama kwamba mimi ndiye niliyefikwa.

Kisha ikaja sehemu ya kijana fundi. Yuko nyumbani kwa mwalimu wa mtaani, anatengeneza mashine ya maji, bomba linapasuka na kumlowesha mwili mzima. Binti wa mwalimu anamletea shati la kaka yake, la samawati, lenye mfuko wa kitambaa cha rangi nyingine kwa sababu ule wa kwanza ulichanika. Wanasikia makelele ya watu njiani. Mwalimu anamfungia kijana ndani ya ghala ya mpunga, na binti anampitishia bakuli la uji wa mchele. Jua likizama kijana anatoka kwa mlango wa nyuma na lile shati. Sinema ikakata hapo, ikamwonyesha mwalimu mbele ya polisi, akisema kijana aliondoka kabla ya adhuhuri. Safiya alikuwa ameacha kufasiri. Nilimgeukia nikamwona ameshika kidhibiti kwa mikono miwili. Akasimamisha picha, akairudisha nyuma, akaisimamisha tena kwenye shati. Baadaye, kidogo kidogo, nilielewa kuwa Naseer alirudi nyumbani jioni ile na shati lisilo lake, la samawati, lenye mfuko wa rangi nyingine. Mama yao, kwa woga, akifikiri kuwa nguo ya kigeni itageuzwa ushahidi wa jambo fulani, alilitia motoni kabla polisi hawajafika, akamwapisha mwanawe asilitaje. Na Naseer hakulitaja, hata mahakamani. Katika dunia nzima walilijua lile shati watu watatu wa nyumba yao, na yeyote yule aliyempa.

Safiya alimuuliza Latha kitu kwa Kimalayalam, kwa sauti ndogo sana. Latha alikuwa ameuma ncha ya mtandio wake. Safiya akauliza tena maneno yale yale. Mimi, kwa kiherehere, nikauliza kwa Kiingereza, "Kuna nini? Latha, kuna nini?" Na Latha akaniangalia mimi, si Safiya, akanijibu mimi, kwa kile Kiingereza cha taratibu tunachosema na wagonjwa wazee. "Alikuwa kwetu," alisema. "Tangu adhuhuri mpaka magharibi. Shati nilimpa mimi. Baba alisema nikifungua mdomo, kaka zangu watatuchoma ndani ya nyumba, kwa sababu wao walikuwamo kwenye lile kundi lililochoma maduka." Kiyoyozi kikanguruma. Safiya akasema, sasa naye kwa Kiingereza, kama kwamba Kimalayalam kimemwisha, "Umewaambia watu wa sinema." Latha akasema walikuja mtaani mwaka uliotangulia, yeye akiwa likizo, wakaahidi kubadilisha majina. "Itha," alisema, "nilidhani nikishasema pale, nitakuwa nimeshasema." Safiya akainuka, akafunika sinia la biriani kwa kawa, akaenda kutia udhu. Saa kumi na nusu tulishuka kazini wote watatu. Aliletwa mtoto aliyeungua mguu kwa maji ya moto, na nikawaona Safiya na Latha wakimfunga bendeji, mmoja ameinua mguu na mwingine anazungusha, mikono yao ikipishana bila kugusana.

Wiki zilizofuata sijui nizielezeje kwa mtu ambaye hajaishi chumba kimoja na wenzake walionyamaziana. Sufuria ya Jumatatu iliendelea kutengwa. Safiya hakupiga kelele, hakutukana. Alipiga simu kwa wakili wao, na mimi nilisikia upande wake tu wa mazungumzo, maneno machache ya Kiingereza yakielea ndani ya Kimalayalam, rufaa, shahidi, kiapo. Alimwomba Latha aandike mbele ya wakili yale aliyoyasema. Latha alilia, akasema hawezi, baba yake bado yu hai na kaka zake bado wako pale. Aliombwa mara tatu, akakataa mara tatu. Ndipo zamu ikanifikia mimi. Ilikuwa siku ya Jumatano, kwenye lile soko la wanawake la Ibra ambalo wanaume hawaingii, na Safiya alikuwa akichagua buibui la bei nafuu, akilinyoosha kwenye mwanga. "Rukia," aliniambia bila kugeuka, "wakili anasema kuna mtu wa tatu aliyesikia. Ukiandika ulichosikia na ukathibitisha ubalozini kwetu Maskati, mahakama inaweza kumwita Latha kwa lazima. Ukurasa mmoja tu. Huna unalolidai wewe, huna upande. Ndiyo maana watakusikiliza." Nikamwambia, "Nitaandika, Da Safiya. Nani asiyeandika?" Na nilikuwa nasema kweli. Jioni ile niliuanza ukurasa huo kwenye karatasi ya daftari, jina langu, kazi yangu, na sentensi ya kwanza, kuwa siku ya Ijumaa baada ya swala nilikuwa nimekaa mkekani.

Kabla sijaumaliza, Bwana Saif mwenye zahanati alituita wauguzi mmoja mmoja ofisini kwake. Alikuwa mtu mpole, hakuwahi kunijia juu, na siku hiyo pia hakunijia juu. Aliniambia amesikia kuna ugomvi wa dini baina ya Wahindi, kwa ajili ya sinema. "Mambo ya kwao yabaki kwao," alisema. "Atakayepeleka karatasi kwenye ubalozi wowote kwa jina la zahanati yangu, nitamfutia viza na atarudi alikotoka. Wewe si wao, Rukia. Wewe mtu wetu." Kisha akasema mama yake ananiulizia. Mama yake, Bibi Zuwena, alizaliwa Unguja, akaja Oman msichana mkubwa baada ya mapinduzi, na alipenda nije kwake siku za Ijumaa nimpime presha ili apate mtu wa kuzungumza naye Kiswahili, kwa kuwa wajukuu zake walikijua cha kuombea maji tu. Nilikwenda. Chumba chake kilinukia udi, na kitanda chake kilikuwa cha samadari, kimeletwa kwa meli. Shikamoo, marahaba, nikamfunga kile kitambaa cha presha mkononi.

"Saif kanambia," alisema, "una jambo na hao Malabari."

"Si langu, bibi. Kuna kijana amefungwa kwa uongo. Mimi n'liyasikia maneno."

"Kijana Mwislamu?"

"Ndiyo."

Akatikisa kichwa. "Maskini. Allah amfanyie wepesi. Sasa sikiliza, binti. Siku ile walipokuja kuvunja mlango wetu kule Unguja, mtaani Malindi, tulikuwa na majirani kushoto na kulia, tumelishana futari miaka na miaka. Walifunga madirisha. N'liwasikia kwa masikio yangu wakitia komeo. Wallahi sikuwalaumu hata mmoja, kila mtu ana wanawe. Na wewe usijitie. Hakuna aliyekutilia saini ya dhamana wewe." Nikakitia kitambaa upepo, nikasoma, nikamwambia presha yake nzuri. Akaniambia tena, kwa sauti nyingine kabisa, ya furaha, kuwa ana mtoto wa nduguye Nizwa, mwajiriwa wa serikali, mke wake amekufa na uzazi, anatafuta mtu mwenye heshima na mkono wa uuguzi. Nimeyafikiri maneno yale maisha yangu yote. Alikuwa amelibeba lile komeo kifuani kwake miaka mingapi, na alilolitoa humo ni kunifundisha na mimi kulitia. Lakini ni rahisi kumtupia lawama bibi aliyekwisha kufa. Mimi nilikuwa mtu mzima, na nilitoka chumbani mle nimeshaamua, nikiwa na kisahani cha halua nilichofungiwa nikale na wenzangu.

Safiya aliniuliza jikoni, siku mbili baadaye, akiosha mchele. "Umeandika?"

"Da Safiya," nikamwambia, "nimefikiri sana. Nilichosikia mimi si kitu cha kuapia. Mlikuwa mkisema Kimalayalam."

Mkono wake ulisimama ndani ya maji. "Alikujibu wewe. Kwa Kiingereza."

"Mimi sikumbuki hivyo."

"Uliuliza kuna nini. Akakuangalia. Akasema shati nilimpa mimi."

"Labda alisema. Sikumbuki vizuri. Nisije nikaapa uongo, ni dhambi." Nililitumia na neno hilo, dhambi, na niliyaona macho yake yakipokea neno lile na kuliweka mahali. Alimwaga maji meupe ya mchele, akatia mengine, akaosha tena mpaka maji yakawa safi, akateleka. Nilipogeuka nilimwona Latha amesimama mlangoni na ndoo ya nguo. Alikuwa amesikia yote. Aliniangalia kwa muda, na mimi nikaamini kuwa ananishukuru, kwa sababu nilikuwa nimemwokoa. Nilimchukia kwa shukurani ile. Nilikwenda zangu kitandani nikiwa nimeshapata mtu wa kumlaumu, maana lau yeye angesema tangu mwanzo, mimi nisingelazimika kusema uongo. Fikra hiyo nimekwenda nayo miaka ishirini na sita, na ilinifaa sana.

Safiya aliacha kazi kabla ya mwezi kwisha, akarudi kwao kuwa karibu na mama yake na wakili. Alituaga sote kwa mkono. Mimi aliniombea dua, kwa Kiarabu, mkono wake juu ya kichwa changu, dua ndefu, na sikuitikia amin. Wiki tatu baadaye Latha naye akaondoka, ghafla, bila kusema anakwenda wapi, na katika duka la yule mwenye miwani ilisemwa kuwa amepata kazi Kuwait. Nikabaki peke yangu katika chumba kile na vitanda viwili vilivyofunuliwa magodoro. Bwana Saif alinipa usimamizi wa chumba cha vidonda, kazi ya Safiya, na wagonjwa wakazoea kuniita kwa cheo chake. Siku za kwanza nilijaribu kupika ule mchuzi wa samaki. Ulitoka vizuri, nikaumwaga. Mwaka ulipofika mwisho niliolewa hapa Nizwa na yule mtoto wa nduguye Bibi Zuwena, mtu mwema, ambaye mpaka leo huwaambia wageni kuwa shangazi yake alinichagua kwa sababu nilikuwa msichana ninayejua kunyamaza. Wageni hucheka, na mimi huongeza kahawa.

Haya ndiyo aliyonieleza Latha mwezi uliopita, kwa Kiingereza kile kile cha taratibu. Hakwenda Kuwait. Alikwenda kwao, akafika kwa wakili na begi lake mkononi kabla hajafika kwa baba yake, akaapa, na rufaa iliposikilizwa akasimama mbele ya majaji akaeleza habari za mashine ya maji, ghala, uji na shati. Mambo yalichukua miaka mitatu mingine. Naseer alitoka akiwa na kifua kikuu na pafu moja la kufaa. Yu hai, ana kibanda cha kuuza kadi za simu, haongei sana, na feni ikiharibika nyumbani wanaita fundi wa nje. Baba yake Latha alikufa bila kumsemesha. Kaka zake walimvunjia mlango mara mbili. Aliolewa na karani wa yule wakili, Mkristo, kwa kuwa wa kwao hakuna aliyemtaka, na katika miaka yote hiyo mtu aliyekuwa akija kwake kila sikukuu na sinia limefunikwa alikuwa Safiya, ambaye hakupata kuolewa. Binti huyu anayefanya kazi hapa Nizwa amelelewa mkononi mwake, na alimwita itha kama mama yake alivyomwita.

Nilimuuliza Latha kilichombadilisha. Nilitaka aseme ni Mungu, au ni Safiya. Akafikiri, akasema, "Ni ile siku jikoni. Nilikuwa mlangoni na ndoo. Nilikusikia ukisema hukumbuki, na ndani ya sauti yako nilimsikia baba yangu. Vile vile kabisa, hata ile labda. Nikajua nikikaa, nitaendelea kuisikia sauti ile mpaka nizeeke." Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama mtu anayemweleza mwenzake njia aliyopita. Kisha, akiona uso wangu, akaharakisha kunishika goti. "Lakini wewe ulikuwa na sababu," alisema. "Itha alitueleza. Hata kwa binti yangu alikuwa akihadithia habari zetu watatu, na kila akifika kwako alisema Rukia alikuwa hawezi kupoteza kazi, mama yake alikuwa mgonjwa sana mwaka ule, na yeye ndiye aliyekuwa akimtibu. Alisema tusije tukakulaumu."

Mimi sikupata kumwambia Safiya maneno hayo. Hata mara moja. Mama yangu mwaka ule alikuwa mzima wa afya, akienda shamba na kurudi kwa miguu, akicheza harusini mpaka kanga inalowa. Safiya alikaa na ule uongo wangu, akautazama, akaona hauwezi kusimama mbele ya watoto, akanitungia mwingine ulio bora. Latha alikuwa ameinama kuelekea kwangu, macho yake yamejaa huruma, na mlango wa kusema kweli ulikuwa wazi mbele yangu kwa mara ya pili katika maisha yangu, bila viza, bila Bwana Saif, bila mtu yeyote wa kuniogopesha.

"Alikuwa na nini mama yako?" aliniuliza.

"Figo," nikasema.

Akanishika mkono, akanipa pole, na mimi nikaipokea.